Mnaotuita "wasio wanataaluma", njooni mhesabu kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo ambalo nimelikalia kimya kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi ni mtumishi wa maabara katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa nchini. Jina la chuo naliacha kwa makusudi. Sikuja kumshitaki mtu, na kila nikikutana na wenzangu wa vyuo vingine nakuta tunasimulia hadithi ileile.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Mei Mosi ya mwaka jana. Wiki chache kabla yake, wanafunzi wa mwaka wa pili walijaza fomu za kupendekeza mfanyakazi bora, na wengi wao wakaandika jina langu. Kamati ikakaa. Nafasi zilikuwa mbili: mwanataaluma bora na mwendeshaji bora. Upande wa wanataaluma wakasema huyu mama hana cheo cha kufundisha, hawezi kuwekwa kwetu. Upande wa waendeshaji wakasoma zile fomu, wakaona sababu zote zilizoandikwa ni za kufundisha, wakasema huyu amependekezwa kwa kazi ya walimu, si haki ashindanishwe na makatibu muhtasi na madereva. Fomu zikarudishwa idarani. Nilizikuta mezani kwa katibu muhtasi, zimebanwa pamoja, juu yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Hausiki." Nilisoma moja tu. Mwanafunzi aliandika: "Zamani nilikuwa nachungulia kwenye hadubini sioni kitu, halafu nasema nimeona. Mama huyu ndiye aliyenifanya nione kweli."

Sikulilia zawadi. Kilichoniuma ni lile neno "hausiki", kwa sababu lilikuwa sahihi kwa taratibu zao. Pande zote mbili zilisema kweli kwa jinsi vitabu vyao vilivyoandikwa, na mimi nikadondoka katikati.

Naomba nieleze kazi yenyewe, maana nadhani hata wanaotunga miundo ya utumishi hawajapata kuiona kwa karibu. Chukua praktikali ya kupaka bakteria rangi za Gram, njia ya kuwagawa bakteria makundi mawili: wanaobaki zambarau na wanaogeuka wekundu. Mhadhiri ameshamaliza nadharia ukumbini. Siku moja kabla, mimi napima gramu 28 za unga wa aga, chakula cha kuoteshea bakteria, kwa kila lita ya maji, nauchemsha uyeyuke, nauweka kwenye otoklevu, chungu cha mvuke kinachoua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15, kisha nangoja mpaka chupa ishikike mkononi bila kuunguza, namimina kwenye visahani kabla haujaganda. Bakteria nao naotesha mapema, kwa kuhesabu saa, ili asubuhi wawe bado wachanga. Bakteria wakizeeka hawashiki rangi inavyotakiwa, na praktikali nzima inaharibika bila mwanafunzi kujua kosa limetoka wapi. Umeme ukikatika usiku, naanza upya. Nimeshalala maabara mara tatu kwa ajili hiyo, na sijawahi kudai malipo ya usiku hata mara moja.

Asubuhi wanaingia, makundi manne, kila kundi watu thelathini na tano. Kristali vayoleti dakika moja, suuza. Iodini dakika moja, suuza. Halafu pombe. Hapo kwenye pombe ndipo somo lilipo. Ukiiweka kidogo mno, kila kitu kinabaki zambarau. Ukiizidisha, hata bakteria waliopaswa kubaki zambarau wanatoka rangi, safranini inakuja kuwapaka wekundu, na mwanafunzi anaandika jibu la uongo kwa mwandiko mzuri kabisa. Kitabu kinasema sekunde kadhaa. Mimi nawaambia: inamisha slaidi, dondosha pombe tone kwa tone, jicho lako liwe kwenye tone linalotoka chini ya kioo, likianza kutoka halina rangi, hapohapo tia maji. Hili halifundishwi na saa ya ukutani. Linafundishwa na mtu aliyesimama kwenye bega la mwanafunzi, akamwambia "bado, bado, sasa!"

Kuna binti mmoja alitoka Sumbawanga. Shuleni kwao hadubini ilikuwa moja, na ilikaa kabatini muda wote. Siku yake ya kwanza alizungusha skrubu kubwa wakati lenzi ya mafuta imeshakaribia kioo, slaidi ikapasuka, akaanza kulia akidhani atatozwa gharama ya lenzi. Nilimpeleka kando, nikaikagua lenzi mbele yake ikaonekana nzima, nikamwekea slaidi nyingine. Nikaushika mkono wake nikauweka kwenye skrubu ndogo, nikamwambia azungushe taratibu kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima. Alipoona vile vijidudu vimejipanga kama vichala vya zabibu, alipiga kelele maabara nzima ikageuka. Leo ni mtumishi wa maabara ya hospitali ya mkoa. Akinipigia simu ananiita "mwalimu".

Mhadhiri mwenye somo hupita kama saa nne, anasalimia, anauliza kama kuna tatizo, anarudi ofisini. Simlaumu hata kidogo. Ana madarasa matatu, ana wanafunzi wa uzamili wanaomsubiri mlangoni, na anajua maabara iko kwenye mikono salama. Lakini ilipofika saa ya kujaza kazi kwenye PEPMIS, mfumo wa Serikali wa kupima utendaji wa watumishi, niliandika "kufundisha wanafunzi mbinu za maabara", msimamizi wangu akairudisha. Akaniambia niandike "kusaidia maandalizi ya praktikali". Mfumo hauna kosa, unapokea unachoambiwa. Nilibadilisha neno, nikaidhinishiwa. Mpaka leo, kwa mujibu wa kumbukumbu za Serikali, sijamfundisha mtu yeyote kitu chochote.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye jina letu. Kwenye barua, kwenye matangazo ya mikutano, kwenye hotuba za viongozi, sisi ni "watumishi wasio wanataaluma". Hebu tulitafakari jina hilo. Mkulima haitwi "asiye mvuvi". Dereva haitwi "asiye rubani". Kila mtu anaitwa kwa kile anachokifanya, isipokuwa sisi tunaoitwa kwa kile tusichokuwa. Ndani ya neno hilo moja mmefungiwa watu wa kazi mbalimbali kabisa, na baadhi yao, kama mimi, wanafanya taaluma mchana kutwa.

Nisijizungumzie peke yangu. Mkutubi anayekaa na mwanafunzi wa uzamivu saa mbili akimwonyesha namna ya kutafuta makala na kutambua jarida la kitapeli, huyo anafundisha utafiti. Mkalimani wa lugha ya alama anayesimama mbele ya ukumbi, anayelazimika kuielewa hoja ya mhadhiri kabla hajaigeuza ishara, huyo naye yuko ndani ya somo. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya corona mpaka vilipofunguliwa Juni Mosi, kijana wetu wa TEHAMA aliwafundisha maprofesa kuandaa masomo ya mtandaoni, kugawa mhadhara wa saa mbili kuwa vipande vifupi, kutunga maswali ya kujipima. Ile ni kazi ya ualimu, tena ualimu wa walimu. Kwenye taarifa ya mwaka ya idara iliandikwa kwamba "miundombinu ya TEHAMA iliimarishwa". Kijana akageuka kuwa miundombinu.

Upande wa utafiti ndiko kidonda kilipo kibichi zaidi. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa uzamivu alikuja kwangu amekata tamaa. Bakteria wake walikuwa hawaoti, au wakiota ni wachache mno, na majibu ya leo hayafanani na ya juzi. Msimamizi wake alishamwambia abadilishe sampuli. Nilimuuliza wanakaa inkubeta gani, yaani kabati la joto la kuoteshea bakteria. Ilikuwa ile ya kona, yenye kioo kinachoonyesha nyuzi 37. Nikachukua kipimajoto cha kawaida, nikakitumbukiza kwenye bika ya maji, nikaiweka ndani jioni. Ndani ya maji kipimo hakiyumbi mlango ukifunguliwa. Asubuhi kilisoma 43. Nikahamisha bika rafu ya juu, kikasoma zaidi. Kioo cha mbele kilikuwa kinasema uongo kwa miezi, na wale bakteria walikuwa wanapikwa. Tulirudia kazi yote kwenye inkubeta nyingine. Nilimtengenezea utaratibu wa kupima joto kila asubuhi na jioni, na nikamwandikia mwenyewe ukurasa wa namna ya kuutumia. Ukurasa ule uliingia kwenye sehemu ya mbinu za utafiti karibu neno kwa neno.

Makala ikatoka baada ya miaka miwili, waandishi watano. Mwishoni kulikuwa na shukrani. Mfadhili ametajwa kwa jina kamili na namba ya ruzuku. Kisha: "Waandishi wanawashukuru mafundi wa maabara." Basi. Mafundi gani, hapana majina.

Wapo wanataaluma watakaosema, na wana hoja, kwamba jina kwenye makala si zawadi ya kumpa kila aliyeosha chupa. Nakubaliana nao. Kuosha chupa si uandishi, na nimeosha nyingi bila kudai kitu. Lakini twende kwenye kanuni zenyewe. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya kuitwa mwandishi. La kwanza ni mchango mkubwa katika kubuni kazi, au katika kupata data, kuzichambua au kuzifasiri. Yanayofuata ni kushiriki kuandika au kurekebisha andiko, kuliidhinisha, na kuwajibika nalo. Mtu kama mimi hutolewa kwa sharti la pili: hukuandika. Lakini kamati hiyohiyo inasema wazi kwamba yeyote aliyetimiza sharti la kwanza anapaswa kupewa nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Mimi andiko sikuwahi kuonyeshwa. Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukamwandikia kosa la kutoingia.

Siku hizi majarida mengi yanatumia orodha ya CRediT, yenye aina 14 za michango: aliyebuni, aliyefanya majaribio, aliyetunza data, aliyetoa vifaa, aliyethibitisha majibu, na kadhalika. Kazi ya kuikamata ile inkubeta ina mahali pake mle. Na jambo hili si la heshima tupu. Serikali yetu imeanza kutoa tuzo ya fedha kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Ni jambo jema sana, nalipongeza. Ila asiye na jina kwenye makala hana hata pa kuulizia.

Mwanafunzi wangu mmoja alinitumia kwenye simu habari za mzee Hamilton Naki wa Afrika Kusini. Zilikuwa na chumvi nyingi, zinasema alishiriki upasuaji wa kwanza wa kupandikiza moyo alioufanya Christiaan Barnard Desemba 1967. Si kweli, na magazeti ya nje yaliyoandika hivyo yalikuja kujisahihisha. Lakini kisa chake cha kweli hakihitaji chumvi. Alizaliwa 1926 Transkei, akaenda Cape Town akiwa kijana mdogo, akaajiriwa Chuo Kikuu cha Cape Town kutunza bustani na kusawazisha viwanja vya tenisi. Mwaka 1954 Profesa Robert Goetz alihitaji mtu wa kumsaidia kumshika twiga aliyekuwa anafanyiwa uchunguzi. Naki akaitwa, na maabara hakutoka tena. Alijifunza kutoa dawa ya usingizi kwa wanyama, kushona mishipa ya damu, kupandikiza ini, na akawafundisha kazi hiyo madaktari vijana waliokuja kuwa mabingwa. Alipostaafu mwaka 1991, pensheni yake ilikuwa ya mtunza bustani. Nishani ya taifa ilikuja 2002, na chuo kikampa shahada ya uzamili ya heshima katika tiba mwaka 2003. Miaka miwili baadaye akafariki.

Naki alikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na siwezi kulinganisha dhuluma ile na hali yetu. Nchi yetu haikunizuia kwa rangi yangu. Ila lile la pensheni lilinikaa kifuani siku nyingi. Mtu anafundisha wapasuaji, na daftari la mishahara linasema bustani. Kilichokosekana pale kwenye daftari ndicho kinachokosekana kwenye langu: safu ya kuandikia kazi aliyoifanya.

Nitaambiwa: kama unataka kuitwa mwalimu, kasome. Nilisoma. Niliingia kazini na stashahada, nikajisomesha shahada ya kwanza nikiwa na watoto wawili wadogo, nikitoka maabara jioni kwenda darasani. Nilipata GPA ya 3.6. Kuanza ngazi ya mwanataaluma vyuo vyetu vya umma vinataka 3.8 shahada ya kwanza. Sharti hilo sipingani nalo, lina sababu zake. Ninachosema ni kwamba sikuomba kuwa mhadhiri. Naomba niwe hiki nilicho, nipande ngazi nikiwa hiki nilicho, na saa ninazosimama mbele ya wanafunzi zihesabiwe kwenye kupanda kwangu. Kwa sasa ngazi yangu inahesabu miaka na vyeti. Saa za kufundisha, miongozo ya praktikali niliyoiandika inayotumika mpaka leo bila jina langu, wanafunzi wa utafiti niliowasimamia mezani, vyote hivyo ni hewa.

Uingereza walikumbana na jambo hili, na mwaka 2017 wakaanzisha ahadi ya pamoja ambayo vyuo vikuu na taasisi za utafiti huisaini: mafundi wao waonekane, watambuliwe, wawe na njia ya kupanda, na ujuzi wao usife wanapostaafu. Sisemi tuige kila kitu. Hilo la mwisho tu, la ujuzi kufa, lingetosha kutushtua. Kenya nao mstari ni uleule, wahadhiri wana chama chao cha UASU na wengine wana KUSU, na mtu wa katikati inabidi achague upande.

Nayasema haya sasa kwa sababu nchi inajenga. Kwa HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, majengo ya maabara na madarasa yanaendelea kuongezeka vyuoni. Nayaona na nafurahi kwa moyo wote. Nilianza kazi kwenye chumba ambacho mvua ikinyesha tunahamisha hadubini. Lakini jengo halimwambii mwanafunzi "bado, bado, sasa!" Kila maabara mpya inahitaji mtu wa kusimama pale, na mtu huyo anastahili kujua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake ina jina na ina ngazi.

Nina msaidizi, binti anayefanya kazi kwa mkataba mfupi mfupi. Ana mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo mimi umri wake. Mwezi uliopita aliniuliza kama aombe kazi ya kudumu kwenye kada hii au aende akauze dawa duka la mjomba wake. Nilishindwa kumjibu.

Kwa hiyo naomba wanaohusika na miundo ya utumishi vyuoni, na mabaraza ya vyuo vyenyewe, watupe safu yetu. Iwepo ngazi inayotambua mtumishi anayefundisha kwa vitendo na kushiriki utafiti, iwe na vigezo vyake, na asiyevitimiza asipande. Mei Mosi ijayo fomu iwe na nafasi ya tatu. Na wahadhiri wangu ninaowaheshimu, kabla hamjatuma makala, mleteeni andiko mtu aliyewapatia data alisome.

Tangu nianze kazi nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila praktikali niliyoisimamia: tarehe, somo, idadi ya wanafunzi, nini kiliharibika na tulikirekebishaje. Madaftari yamefika kumi na moja. Yapo kwenye kabati la chini, upande wa kushoto ukiingia maabara, chini ya maboksi ya glavu, na ufunguo ninao mimi. Yeyote aliyetumwa kuhesabu, awe wa wizara, wa chuo au wa gazeti lako, aje siku yoyote isipokuwa Alhamisi asubuhi. Alhamisi nina kundi la mwaka wa kwanza, na wiki hii tunaanza rangi za Gram.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Neema,
Mtumishi wa maabara